Umeme ni mmoja, mafungu ni matatu: barua ya wazi kwa wanaogawa fedha za utafiti

Waheshimiwa,

Mimi ni fundi wa maabara. Jina langu halitokei kwenye makala za kisayansi; likitokea, huwa mwishoni kabisa, kwenye aya ya shukrani ambayo hata aliyeiandika hairudii kuisoma. Lakini fedha mnazozigawa huishia mikononi mwangu zikiwa zimegeuka nyaya, vioo na mashine, kwa hiyo naomba mnisikilize mara hii moja.

Kazi yangu ni kulinda mstari. Kila asubuhi nachukua mrija mwembamba wa kioo, nauweka kwenye mashine inayoupasha moto katikati huku ikiuvuta pande mbili hadi ukatike. Ncha inayobaki ina tundu la upana wa kama elfu moja ya milimita. Naujaza maji ya chumvi, natumbukiza uzi wa fedha ndani yake, kisha chini ya hadubini naisogeza ncha ile taratibu hadi iguse seli moja hai. Hapo nanyonya hewa kidogo kwa mdomo kupitia mpira. Ukinyonya kwa pupa, seli inapasuka, ukizembea, haishiki. Ikishika sawasawa, mstari kwenye skrini unatulia, halafu ghafla unapanda kipago kimoja, unakaa kitambo, unashuka. Kipago kile ni mlango mmoja wa protini kwenye utando wa seli, umefunguka ukafungwa. Mkondo unaopita hapo ni pikoampea chache tu. Pikoampea moja ni ampea uliyoigawanya mara trilioni, na bado ni sawa na elektroni zaidi ya milioni sita kila sekunde.

Njia hii ilibuniwa na Erwin Neher na Bert Sakmann huko Göttingen, Ujerumani, wakaitangaza mwaka 1976, na mwaka 1991 wakapewa Tuzo ya Nobel. Leo dawa mpya nyingi, kabla hazijamfikia mgonjwa, hupimwa kwa njia ya namna hii kuona kama hazizibi mlango fulani wa potasiamu ulio kwenye seli za moyo. Mlango ule ukizibwa, mapigo yanaweza kuvurugika hadi kuua.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita mstari wangu uliharibika. Ulikuwa ukitetemeka mara 50 kwa sekunde, bila kukosa, mchana na usiku. Wenzangu wa tiba wakasema seli zimechoka; nikabadilisha seli. Wakasema ni maji ya chumvi, nikachanganya mengine. Nikafunika meza yote kwa kizimba cha wavu wa shaba. Wapi. Wiki tatu zikapita. Aliyetuokoa ni mhandisi wa gridi aliyekuja jengoni kwa shughuli zake, kukagua transfoma ya ghorofa ya chini. Alitupia jicho skrini yetu, akacheka, akauliza: "Waya wa ardhini mmefunga sehemu ngapi?"

Tulikuwa tumefunga sehemu mbili. Ule waya ambao mafundi tunauita ethi ulikuwa umetoka kwenye kipimo kwenda ukutani, na mwingine umetoka kwenye meza kwenda ukuta mwingine. Ukizifuata nyaya zote mbili hadi ardhini unapata pete kubwa, na pete ile ilikuwa ikinasa usumaku wa transfoma na kuugeuza mkondo, kama Michael Faraday alivyoonyesha mwaka 1831. Mhandisi akakusanya nyaya zote kwenye nukta moja. Mstari ukanyooka.

Mtu wa nishati aliponya kipimo cha tiba kwa kanuni ya fizikia. Ilimchukua dakika 40. Kwenye mafungu yenu matatu ya fedha, la afya, la fizikia na la nishati, kazi aliyoifanya haina kasma. Hilo ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Mwaka jana kikundi chetu kiliwaletea ombi. Tulikuwa watu wanne: daktari wa moyo, mhandisi wa vifaa vya umeme, mwanafizikia wa maada, na mimi. Tulitaka kuchunguza kama betri ya moyo, kile kifaa kinachopandikizwa kifuani kurekebisha mapigo, inaweza kulishwa na mtikisiko wa mwili wenyewe, kwa umeme unaozaliwa pale vitu viwili vinapogusana na kuachana. Kamati ya afya ikatujibu kwamba hiyo ni fizikia. Kamati ya fizikia ikasema hayo ni matumizi, tuende afya. Kamati ya nishati ilituuliza mradi utazalisha megawati ngapi. Waheshimiwa, kifaa kile hutumia makumi ya mikrowati! Kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, hilo tunalijua. Ila hapa kila mmoja aliisukumia ngozi kwa mwenzake.

Sikatai kwamba ombi lenyewe lilikuwa na kasoro. Ukurasa wa bajeti niliuandaa mimi na ulikuwa na makosa mawili ya kujumlisha. Lakini hakuna kamati iliyofika kwenye ukurasa huo.

Niwarudishe nyuma kidogo, maana mgawanyo huu una historia yake. Katika miaka ya 1780, Luigi Galvani wa Bologna aliona miguu ya chura aliyekufa ikiruka alipoigusa kwa metali. Akasema umeme umo ndani ya mnyama. Alessandro Volta wa Pavia akambishia: umeme unatoka kwenye metali mbili tofauti, chura ni kipimo tu. Ubishi ukawa mkali, na ili kuthibitisha hoja yake Volta akapanga sahani za zinki na fedha kwa zamu, katikati yake vipande vilivyoloa maji ya chumvi. Tarehe 20 Machi 1800 aliandika barua kwa Joseph Banks wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, kueleza mnara ule. Ndiyo betri ya kwanza duniani. Ajabu ni kwamba katika barua ile ile Volta alikiita chombo chake kiungo cha umeme cha kutengenezwa, akikifananisha na kiungo cha yule samaki bapa anayepiga shoti, wa jamii ambayo sisi, kwa bahati njema, tunaiita taa. Aliyekana umeme wa wanyama alipata mfano wa betri kwa mnyama. Na Galvani naye hakuwa amekosea: neva kweli zina umeme wao. Wote wawili walikuwa sahihi nusu nusu, na vyuo vikachukua nusu hizo vikazijengea majengo tofauti.

Lugha yetu haikuhangaika na utengano huo. Umeme ni ule wa mawinguni na ni huu wa kwenye nyaya. Ningeongeza: na ni huu ulio ndani yenu mnaposoma. Utando wa seli ya neva iliyotulia una tofauti ya volti ndogo mno, kama milivolti 70. Lakini unene wa utando huo ni kama nanomita tano. Gawanyeni wenyewe: inakuja volti milioni 14 kwa mita. Hewa kavu ya kawaida hupasuka na kutoa cheche kwenye kama volti milioni tatu kwa mita. Yaani utando wenu unastahimili nguvu inayozidi ile inayopasua hewa, tena mara nne na zaidi. Mawingu ya radi, kwa upande wake, yanapopimwa kwa puto hukutwa mara nyingi na kama sehemu moja ya kumi ya nguvu inayohitajika, na bado radi inapiga. Jinsi inavyoanza ni swali ambalo wanafizikia bado wanabishania.

Nije kwenye yanayofanyika sasa, maana mnaambiwa kila siku kwamba utafiti wa umeme umekwisha, kilichobaki ni kutandaza nyaya.

Mwaka 1987 huko Grenoble, Ufaransa, Alim-Louis Benabid alikuwa akimfanyia upasuaji mgonjwa wa kutetemeka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuunguza sehemu ndogo ndani ya ubongo. Kabla ya kuunguza, daktari alipima kwa umeme kuhakikisha amefika mahali penyewe. Benabid alipoongeza mapigo ya umeme hadi kama 100 kwa sekunde, mtetemeko ukakoma. Alipozima, ukarudi. Basi badala ya kuunguza, ukaachwa waya ndani. Leo tiba hiyo ni ya kawaida kwa wagonjwa wa Parkinson ambao dawa zimeanza kuwashinda, na bado wataalamu hawajakubaliana ni kwa nini hasa inafanya kazi.

Mfano mwingine ni moyo unaopiga ovyo. Kwa miaka mingi madaktari walichoma kwa joto au kugandisha kwa baridi vijisehemu vya misuli vinavyoleta vurugu. Hatari ilikuwa kuunguza na jirani: umio, neva ya kiwambo cha kupumulia. Sasa wanatumia mapigo mafupi sana ya volti nyingi, ya mikrosekunde, yanayotoboa utando wa seli hadi seli ife, na seli za misuli ya moyo hufa kwa nguvu ndogo kuliko za jirani zake. Marekani iliruhusu kifaa cha kwanza cha aina hiyo Desemba 2023. Wanaopongezwa ni madaktari, na wanastahili. Ila jiulizeni ni nani anajua kuwasha na kuzima maelfu ya volti ndani ya mikrosekunde bila kuunguza swichi. Ni watu wa nishati, wale wale wanaotengeneza mashine za kugeuza umeme wa jua uingie kwenye gridi.

Au chukueni baridi yabisi. Mwaka 2000 kikundi cha Kevin Tracey kilionyesha kwa panya kwamba ukiisisimua kwa umeme neva ya vagasi, ile inayoshuka kutoka kwenye ubongo kupitia shingoni hadi tumboni, uvimbe wa mwili unapungua. Wengi waliguna, kinga ya mwili na neva vilikuwa vitabu viwili tofauti. Kibali cha Marekani cha kifaa kinachotumia neva hiyo kutibu baridi yabisi kilitoka Julai 2025. Kutoka panya hadi kibali ni miaka 25. Ruzuku zenu ni za miaka mitatu, na mwaka wa tatu wenyewe tunautumia kuandika ombi la ruzuku nyingine.

Kwenye fizikia subira inahitajika zaidi. Tarehe 8 Aprili 1911, maabara ya Heike Kamerlingh Onnes huko Leiden ilipoza zebaki hadi karibu nyuzi −269 za Selsiasi, na ukinzani wake wa umeme ukatoweka. Haukupungua tu. Ulitoweka. Ilichukua zaidi ya miaka 60 kabla jambo hilo halijaingia hospitalini, ndani ya mashine za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili, ambazo sumaku zake kubwa hutengenezwa kwa nyaya zisizo na ukinzani. Tuzo ya Nobel ya Fizikia ya 2025 walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio ya miaka ya 1984 na 1985 juu ya saketi ya aina hiyo. Na vipimo alivyovishughulikia Clarke maisha yake yote ni ndugu wa vile vinavyotumika leo kusoma usumaku hafifu wa ubongo. Nani kati yenu angeidhinisha fomu iliyoandikwa "faida itaonekana baada ya miaka 40"?

Najua mtaniuliza kuhusu uongo, na ni haki yenu. Julai 2023 dunia nzima ilipagawa na LK-99, jiwe la risasi na shaba lililodaiwa kupitisha umeme bila ukinzani kwenye joto la kawaida. Maabara za mataifa kadhaa zikaacha kazi zake, zikalipika upya, na kabla Agosti haijaisha ikajulikana: mruko ule wa ukinzani ulitokana na uchafu wa salfaidi ya shaba. Novemba mwaka huo huo jarida la Nature likaondoa makala nyingine yenye dai kama hilo. Wengi walisema ni aibu ya sayansi. Mimi naona kinyume, kwamba usafi ulifanyika, tena haraka. Aibu ni kwamba kazi ya kurudia vipimo vya wengine haina fungu kwenu. Ukiandika kwenye ombi "tunataka kuhakikisha kama fulani alisema kweli," unaambiwa hakuna jipya.

Kuna jambo moja nataka nikae nalo kidogo, kwa sababu ndilo ombi letu lilipolala. Wagiriki wa kale walijua kwamba kaharabu, utomvu wa miti ulioganda ukawa kama jiwe, ikisuguliwa kwa manyoya huvuta nyuzi na majani makavu. Kwao kaharabu iliitwa elektroni, na jina la elektroni ya wanafizikia lilichukuliwa humo. Zaidi ya miaka 2,500 imepita. Mtafikiri tunajua kwa nini. Hatujui vizuri. Chukueni vipande viwili vya kitu kile kile, vigusanisheni na kuvitenganisha: kimoja kinapata chaji chanya, kingine hasi, na ukirudia majibu yanakuja shaghalabaghala. Februari 2025 kikundi cha Scott Waitukaitis huko Austria kilichapisha kwamba shaghalabaghala ile ina kumbukumbu. Juan Carlos Sobarzo alichukua vipande vya plastiki laini ya silikoni vinavyofanana kabisa, akavigusanisha tena na tena, mara kama 200, na vikaanza kujipanga kwa utaratibu: kilichoguswa mara nyingi zaidi huelekea kupata chaji hasi. Mguso unabadilisha uso wa kitu, na uso unakumbuka.

Kwa mwenye haraka huo ni mchezo wa plastiki. Lakini umeme huo wa msuguano ndio unaolipua vumbi kwenye viwanda vya nafaka na ndio unaofanya unga wa dawa ung'ang'anie kuta za mashine. Na ndio sisi tuliotaka kuuvuna kifuani mwa mgonjwa. Fikirieni Arne Larsson, mtu wa kwanza kupandikizwa betri ya moyo, huko Uswidi, tarehe 8 Oktoba 1958. Kifaa cha kwanza kilidumu saa chache. Aliishi hadi mwaka 2001, na katika miaka hiyo alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20. Siku hizi betri hudumu miaka mingi, lakini ikiisha, kisu kinarudi pale pale.

Kwenye nishati nitapita haraka, maana huko ndiko mnakosikiliza zaidi. Seli za jua za perovskaiti, aina mpya ya fuwele inayonasa mwanga, zilianza mwaka 2009 zikigeuza asilimia 3.8 tu ya mwanga. Leo zikilazwa juu ya seli za silikoni ngumu, ile ya paneli za kawaida, zimepita asilimia 34 maabarani, ila unyevu na joto bado vinazila. Hilo ni swali la kemia ya ayoni, yaani chembe zenye chaji, zinazohamahama, na watu wa neva wamekuwa wakipima ayoni zinazohamahama kwa miaka 70. Mmewahi kuwakutanisha? Shirika la Kimataifa la Nishati lilisema mwaka 2023 kwamba miradi ya nishati jadidifu ya gigawati zisizopungua 3,000 ilikuwa kwenye foleni ya kuunganishwa kwenye gridi, na kwamba hadi 2040 nyaya za kilomita milioni 80 zinapaswa kuongezwa au kufanywa upya. Paneli inapigwa picha na waziri. Waya haupigwi picha na mtu. Na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na wenzake walieleza kwamba karibu watu bilioni moja wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme wa uhakika au visivyo na umeme kabisa. Sasa huo niuweke fungu gani, la afya au la nishati?

Naomba basi mambo yafuatayo, na siombi majengo.

Tengeni sehemu ya fedha, hata ndogo, isiyo ya kamati yoyote kati ya hizo tatu, na isomwe na watu wa pande zote wakiwa wamekaa chumba kimoja kwa wakati mmoja. Msitupeleke kwa barua toka mlango hadi mlango. Ombi likikataliwa, likataliwe na mtu aliyelisoma hadi kwenye makosa yangu ya kujumlisha.

Baadhi ya ruzuku ziwe za miaka kumi. Zikaguliwe kila baada ya miaka miwili mkitaka, ila tusilazimike kuahidi mwezi wa kwanza kile ambacho tutakijua mwaka wa saba.

Walipeni mafundi. Mafunzo ya kuvuta kioo kile yanachukua karibu mwaka, na mkataba wangu ni wa miezi 11. Vijana watatu niliowafundisha wameondoka. Siwalaumu.

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kabla hamjagharimia kifaa chochote kitakachowekwa ndani ya mwili wa mtu, ulizeni nani atakitunza utafiti ukiisha. Kampuni moja ya Marekani ilipandikiza macho ya umeme kwa watu zaidi ya 350 duniani, kisha mwaka 2019 ikaacha kuyatengeneza. Watu wale walibaki na vyuma ndani ya macho yao bila fundi wala vipuri. Wekeni sharti: fedha za matunzo zitengwe mwanzoni, na michoro ya kifaa ikabidhiwe mahali ambapo fundi mwingine ataipata kampuni ikifa. Mimi niko tayari kuwa fundi huyo.

Ombi letu tutalileta tena mwezi ujao, nakala tatu, namba moja. Safari hii mhandisi wa gridi ametia saini nasi. Na yeyote kati yenu anayetaka kuona kipago kile kikipanda na kushuka kabla hajaamua, aje asubuhi yoyote kabla ya saa nne, wakati seli bado ni mbichi. Simu tafadhali iachwe mlangoni. Inaharibu mstari.

Wenu,
Fundi wa maabara ya vipimo vya umeme wa seli